Taimsheya ya dola moja mnadani: angalia haya kabla hujaingia mkenge

Kama umefika hapa kwa sababu umeona eBay kuna mtu anauza wiki ya mapumziko Orlando, nyumba ya vyumba viwili, jiko kamili, bwawa la kuogelea, bei imeanzia dola 1 na yamebaki masaa sita mnada ufungwe, toa kwanza kidole hapo kwenye kitufe tuongee. Mimi sio wakili wala dalali, nabeba boksi tu hapa Texas kama wengi wenu, ila hii kitu nilishainunua kwa njia hiyohiyo na somo nililipia kwa hela yangu mwenyewe. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya Mbongo au Mkenya aliyeko huku Marekani anayewaza kuwapeleka watoto Disney bila kulipa hoteli kila mara.

Kwa asiyejua, taimsheya ni kumiliki kipande cha muda kwenye risoti, mara nyingi wiki moja kwa mwaka, na wiki zilizobaki ni za watu wengine. Siku hizi kampuni nyingi zinauza pointi, ambazo unazitumia kulipia siku za kulala, badala ya wiki ila mchezo ni uleule. Ukinunua kwa kampuni yenyewe, kwenye kile kikao cha "njoo dakika 90 tu tukupe tiketi za bure" ambacho unatoka jua limezama, bei inafika dola 20,000 na kupanda. Kitu hichohicho kikishafika kwa mtu wa pili, mnadani kinaenda kwa dola 1, dola 50, dola 100.

Sasa jiulize, nani mwenye akili timamu anaachia kitu cha elfu ishirini kwa dola moja? Jibu ni kwamba anachokuachia ni bili. Taimsheya ina ada ya matengenezo ya kila mwaka, kwa wiki moja kwa wastani ni zaidi ya dola 1,000, inapanda karibu kila mwaka, na hati nyingi za Marekani hazina tarehe ya mwisho. Umezeeka, umefukuzwa kazi, umerudi zako Tanga unakula mihogo barazani, bili inakuja tu. Yule muuzaji amechoka kulipa na anatafuta wa kumtwisha.

Na mara nyingi anayeuza wala sio mwenye mali. Kuna makampuni yanawafuata wazee waliochoka na ada, yanawaambia tupeni dola elfu kadhaa tuwaondolee huu mzigo, wanasaini hati ya uwakilishi, halafu kampuni inakwenda kuirusha mnadani kwa dola 1. Ndio maana hawajali itauzwa bei gani, wao wameshalipwa na yule anayetoka na mteja wao ni yeye, wewe ni pipa la taka tu, samahani kwa lugha. Hilo ukilielewa utaacha kushangaa kwa nini maelezo ya tangazo yana mashimo mengi hivyo.

Ngoja niwape ya kwangu mjue siongei hewani. Februari 2018, usiku, mama watoto amelala, mimi nipo jikoni na laptopu, namba nyekundu inahesabu sekunde kurudi nyuma. Vyumba viwili Orlando, ada dola 468. Nikajisemea moyoni, 468 kwa wiki nzima watu sita? Hoteli ya usiku mmoja wakati wa likizo tu inakula 200! Nikaweka dau, mwingine akapanda, nikapanda, sekunde nne za mwisho nikamaliza na dola 26. Nilifurahi mpaka nikapiga ngumi meza, chai ikamwagika.

Asubuhi ikaja ankara. Dola 26 za mnada, 299 za kuandaa hati, 199 za risoti kubadilisha jina, na 468 za kumrudishia muuzaji ada ya mwaka huo ambayo alishalipa. Jumla dola 992. Nikasema sawa, bado nafuu. Nikalipa. Baada ya miezi mitatu jina limeshabadilika, napiga simu risoti nataka kuweka nafasi, dada wa watu kwa upole kabisa ananiambia, "Mkataba wako ni wa miaka witiri tu, sir." Yaani 2019, 2021, 2023. Na ya 2019 muuzaji alishaiweka kwenye kampuni ya kubadilishana wiki, yaani unawapa yako unapata ya risoti nyingine, kwa hiyo imeshaliwa. Mara ya kwanza mimi kulala pale ni 2021! Na ile 468 kumbe ni nusu, risoti inatoza nusu kila mwaka, kwa hiyo wiki moja ya kulala inanigharimu 936. Tangazo halikudanganya hata kidogo, nilirudi kulisoma lote lipo pale chini kabisa kwa herufi ndogo, mimi ndio nilikuwa naangalia picha ya bwawa.

Haya, sasa jinsi ya kusoma tangazo. Picha achana nazo kwanza, picha zinapigwa nyumba kubwa kuliko zote na wewe unauziwa ya chumba kimoja upande wa parkingi. Kitu cha kwanza tafuta ni kila mwaka au mwaka mmoja mmoja unarukwa. Ukiona herufi EOY au neno biennial, au neno odd au even karibu na mwaka, ujue ni mara moja kila miaka miwili, basi ile ada uliyoonyeshwa uliza ni ya mwaka au ni ya matumizi. Cha pili ni namba ya wiki. Wiki zinahesabiwa 1 mpaka 52 kuanzia Januari, na namba ina maana kubwa kuliko maneno yote ya kupamba. Wiki ya 51 na 52 ni Krismasi na mwaka mpya, hizo watu wanagombania. Yangu ilikuwa ya 37, katikati ya Septemba, watoto wako shule na Florida ni msimu wa vimbunga. Nani anakwenda?

Halafu kuna ule ujanja wa rangi. Tangazo linaandika kwa herufi kubwa WIKI NYEKUNDU, maana kwenye mfumo wa RCI, moja ya hizo kampuni za kubadilishana wiki, nyekundu ndio msimu wa juu, kisha nyeupe, kisha bluu. Lakini Orlando nzima imepakwa nyekundu karibu mwaka mzima! Kwa hiyo nyekundu ya Orlando ni kama kumsifia mtu wa Dar kwamba kwake kuna joto. Usiilipie hata senti moja ya ziada.

Angalia pia kama wiki imefungwa kwenye tarehe moja au inaelea. Inayoelea maana yake unapiga simu kugombania nafasi na wenzako, na kuna watu wameamka saa kumi na moja alfajiri mwaka mzima kabla kuwahi wiki za likizo za shule, wewe mgeni utabakiziwa Novemba. Na muhimu kuliko yote, mwaka wa kwanza wa kutumia. Kama mwaka huu umeshatumika na muuzaji au ameshauweka kwenye kubadilishana, usikubali kumrudishia ada ya mwaka huo, unalipaje sahani ambayo mwenzio ameshakula? Mimi nililipa, najua nachoongea.

Kwenye pointi kuna mtego wake. Watu wanaangalia idadi tu, pointi laki moja na nusu, laki tatu, wanaona kubwa. Lakini ada inategemea pointi zimetokana na risoti ipi, mikataba miwili yenye pointi sawa inaweza kutofautiana ada kwa mamia ya dola kila mwaka wakati nguvu ya kuweka nafasi ni ileile. Kwa hiyo gawanya, ada ya mwaka kwa pointi, linganisha matangazo kumi, utaona mwenyewe kwa nini lile moja bei imekaa chini na hakuna anayeligusa.

Sasa hatua ambayo ukiifanya hii moja tu, mengine yote hata ukisahau utakuwa umeokoka: kabla hujaweka dau, piga simu risoti mwenyewe. Namba itafute mwenyewe, usichukue iliyoko kwenye tangazo. Waambie nafikiria kununua wiki fulani ya nyumba fulani kwa mtu. Habari za akaunti ya mwenye mali hawatakupa bila ruhusa yake, ila ya jumla watakwambia, ada ya nyumba ya aina hiyo ni kiasi gani mwaka huu, wanatoza kiasi gani kubadilisha jina, risoti ina haki ya kununua kwanza au haina, kuna mchango maalumu umepitishwa au unajadiliwa, na anayenunua mkono wa pili ananyimwa nini. Dakika kumi na tano za muziki wa kusubiria, lakini vumilia.

Baada ya hapo mwambie muuzaji unataka barua ya estopeli. Hiyo ni barua inayotoka risoti, inasema nani mmiliki, ana deni au hana, ada imelipwa mpaka lini, wiki ipi au pointi ngapi zimebaki, na mwaka wa kwanza wa kutumia ni upi. Akikwambia haina haja tuna uzoefu wa miaka mingi, achana naye. Akisema utaipata baada ya kulipa, achana naye mara mbili. Sheria ya Florida iko wazi, anayerithi au kununua taimsheya anabeba pamoja na mwenye mali wa zamani madeni yote ya ada ambayo hayajalipwa mpaka siku ya kuhamisha. Kwa hiyo kama yule mzee alikuwa hajalipa miaka mitatu, umenunua na miaka yake mitatu.

Kuhakikisha jina, hapa Marekani wametusaidia sana maana hati za ardhi ni za wazi na mengi yako mtandaoni bure. Orlando iko kaunti ya Orange, ofisi ya Comptroller ina ukurasa wa kutafutia, unaandika jina la mmiliki hati inakuja na sahihi zake. Risoti nyingi zinazoitwa za Disney kwa mdomo kumbe ziko Kissimmee, hiyo ni kaunti ya Osceola, tafuta huko. Las Vegas ni kaunti ya Clark. Ukikuta hati ina majina mawili, mume na mke, na anayeuza amekuletea sahihi ya mume peke yake, simama hapo. Kama mmoja amefariki kuna makaratasi ya mirathi yanatakiwa, na hayo muuzaji wa dola moja hana muda nayo. Mexico ni hadithi nyingine, kule mara nyingi unapewa haki ya kutumia kwa miaka fulani bila hati ya umiliki, kwa hiyo uliza imebaki miaka mingapi.

Aina ya hati nayo iangalie. Kuna hati ambayo muuzaji anathibitisha kwamba mali ni yake na atakutetea mtu akijitokeza, na kuna ile wanaita quitclaim, ambayo anasema tu "chochote nilichonacho hapa nakupa", na kama hana kitu amekupa hakuna. Minadani hiyo quitclaim ndio imejaa. Rahisi huvunja upishi, wazee walishasema.

Tukija kwenye hela. Watu wanadhani eBay itawalinda kama ukinunua simu mbovu. Hapana. Ule ulinzi wa eBay wa kurudishiwa hela hauhusu nyumba na ardhi, na taimsheya inahesabiwa huko, na PayPal nao ulinzi wao wa mnunuzi hauhusu. Kwa hiyo kinga yako ni kadi ya krediti, na kampuni ya mtu wa kati inayoshika hela mpaka hati isajiliwe. Hiyo kampuni uichunguze, isiwe ni muuzaji huyohuyo amevaa kofia nyingine, ukiona anwani moja na namba moja ya simu ujue. Western Union, Zelle, hundi ya benki, kadi za zawadi, vyote hivyo ni kuaga hela kwa mkono.

Na piga hesabu yote kabla ya mnada, kwenye karatasi, sio kichwani. Bei ya dau ni kitu kidogo kuliko vyote. Weka gharama ya hati, ya kubadilisha jina, ada ya mwaka unaorudishia, halafu zidisha ada kwa miaka kumi. Wengine wanaficha faida kwenye vijigharama, wanakuandikia "kodi na usajili dola 150". Florida kodi ya stempu ya hati ni senti 70 kwa kila dola 100 au sehemu yake, na kusajili ni dola 10 ukurasa wa kwanza na 8.50 kila ukurasa unaofuata. Kwa dau la dola 26 hiyo kodi ni senti 70, bana! Muulize hizo zingine zinakwenda kwa nani.

Kuhusu haki ya risoti kununua kwanza, hiyo maana yake mkishakubaliana bei, kampuni ina muda wa kusema hii tunaichukua sisi kwa bei hiyohiyo. Disney wanayo na wanaitumia. Hupotezi hela ila unapoteza mwezi mzima ukisubiri. Na kwa kuwa nimeitaja Disney, klabu yao ya taimsheya, Disney Vacation Club, mkono wa pili bado ina bei ya maelfu, kwa hiyo ukiona inauzwa kama karanga kuna kitu. Ina tarehe ya mwisho pia, mikataba mingi ya risoti zao za Old Key West, BoardWalk na Beach Club inaisha 2042, baada ya hapo huna kitu, ambalo mimi binafsi naona ni jambo zuri, angalau bili ina mwisho. Ila aliyenunua mkono wa pili kuanzia tarehe 19 Januari 2019 hawezi kutumia pointi zake kwenye risoti mpya kama Riviera, na ukinunua ya Riviera yenyewe mkono wa pili umefungiwa hapohapo. Kampuni nyingine zina yao, Wyndham kwa mfano pointi za mkono wa pili hazikupandishi kwenye ngazi ya VIP. Muuzaji mnadani ataandika faida zote kama alivyouziwa yeye na kampuni, hatakwambia zipi hazihami.

Mchango maalumu nimeutaja juujuu, ngoja niueleze. Kikitokea kitu kikubwa ambacho akiba na bima haitoshi, wamiliki mnachangishwa juu ya ada ya kawaida. Kimbunga Ian kilipopiga Fort Myers Beach na Sanibel Septemba 2022, risoti za kule zilifungwa, na aliyekuwa na wiki yake alikuwa na wiki ya nyumba isiyokalika. Sasa fikiria mtu amenunua mnadani Agosti. Ndio maana risoti ya ufukweni ambayo bei imeporomoka ghafla inatakiwa kuulizwa maswali mengi zaidi, sio machache.

Ukishinda mnada na umelipa, usikae kimya. Uhamisho unachukua miezi miwili mitatu, wakati mwingine zaidi. Subiri vitu viwili, nakala ya hati iliyosajiliwa kaunti yenye muhuri, na risoti kukuthibitishia kwa maandishi kwamba akaunti imeingia jina lako. Kimoja bila kingine bado. Kuna watu hati imesajiliwa lakini risoti haijaambiwa, bili zinakwenda kwa mzee wa zamani, yeye hazisomi, wewe unadaiwa riba usiyoijua.

Na jina lako likishaonekana kwenye hati za wazi, simu zitaanza. Mtu mwenye sauti nzuri anakwambia ana mnunuzi tayari wa taimsheya yako, dola 18,000, tuma tu 2,000 za kodi kwanza. Usicheke, watu wazima wenye pesheni wamelizwa. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliyawekea vikwazo makampuni ya eneo la Puerto Vallarta, Mexico, kwa kushirikiana na genge la unga la CJNG kwenye utapeli huuhuu wa wamiliki wa taimsheya. Kwa hiyo anayekupigia anaweza kuwa ni genge la unga kabisa. Mnunuzi wa kweli hakuombi hela, kata simu.

Utaniuliza, kwa hiyo isinunuliwe kabisa? Hapana, wapo wanaofaidika. Familia ya watu sita, mnakwenda sehemu moja kila mwaka wakati uleule wa likizo, hoteli za pale ni ghali, na umeshakodi wiki hiyo kwa mmiliki mwingine mara moja mbili ukaipenda. Hiyo ya kukodi ifanye kwanza, ni lazima kabisa. Wamiliki wanakodisha wiki zao mtandaoni, na kama kodi yenyewe ni ndogo kuliko ada ya mwaka, hesabu imekwisha, kodi tu uendelee na maisha. Ile nyumba yangu ya 936, Septemba kuna mmiliki mwingine alikuwa anakodisha ya aina hiyohiyo kwa 600.

Mwisho wa safari yangu, tulilala pale mara moja, 2021, mimi na mama watoto peke yetu maana watoto walikuwa shule. Mvua ilinyesha siku nne. Ukijumlisha ile 992 na ada za 2019, 2020 na 2021 ilikuwa kama dola 2,400 kwa hiyo wiki moja. Tuliporudi nikaiweka mnadani mwenyewe, dola 1. Nikaandika juu kabisa kwa herufi kubwa, miaka witiri tu, wiki ya 37, jumla 936 kwa kila matumizi, mara ya kwanza kutumia 2023. Mara mbili ikafungwa hakuna hata dau moja. Mara ya tatu nikaongeza kwamba gharama zote za hati na jina nalipa mimi, akatokea bibi mmoja mstaafu wa Ohio anayependa Septemba kwa sababu hakuna watoto wanaopiga kelele bwawani. Akanitumia orodha ya maswali kumi na moja na la kwanza lilikuwa estopeli. Nilimpelekea siku hiyohiyo.